Potasiamu imepanda, mbona mgonjwa anapewa kalsiamu?

mwanaklinika_pwani

Wakuu habari za usiku, wakubwa shikamooni. Mi niko mwaka wa pili diploma ya utabibu, sa hivi niko fildi wodi ya wanaume, na kuna kitu kimenikaa kichwani tangu juzi sipati usingizi vizuri. Aliletwa baba mmoja wa makamo, figo zimefeli, huwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki ila wiki hiyo zote mbili alikosa, hela haikupatikana. Amechoka, miguu haina nguvu kabisa, mapigo 44 kwa dakika. Potasiamu ikarudi 7.8. Daktari wa zamu hakusubiri hata hayo majibu, alivyouona mkanda wa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) tu, yale mawimbi ya T yamechongoka kama mahema, akasema hapo hapo kalsiamu glukoneti mililita kumi, taratibu. Sista akaisukuma kama dakika tano hivi na mimi nimesimama naangalia skrini, yale mawimbi yakaanza kushuka na kunyooka mbele ya macho yangu, mapigo yakapanda mpaka sitini na kitu. Ndo baadaye ikafuata insulini na glukosi.

Mi nikajua kalsiamu imeshusha potasiamu. Nikamwambia daktari hivyo, akasema hapana, potasiamu iko vile vile, kalsiamu imeulinda moyo tu, halafu akaitwa kwa mgonjwa mwingine na sikumpata tena.

Sasa shida yangu iko hivi. Darasani tumefundishwa kalsiamu ndo inayofanya msuli ujikunje, ikizidi msuli unajikunja zaidi, sasa moyo ambao tayari uko taabani unauongezea kitu cha kuukunja ili iweje? Halafu mwalimu alishawahi kutaja juu juu kwamba msuli wa mguu ukiuweka kwenye maji yasiyo na kalsiamu ukaupiga shoti bado unajikunja, ila wa moyo unasimama. Kwa nini, wakati yote ni misuli? Na zile hatua za umeme wa moyo, sifuri mpaka nne, nimezikariri zote na mtihani nilipata, lakini ukweli sijazielewa.

Naomba anayejua anieleze kama anaongea na mdogo wake nyumbani. Slaidi ninazo tayari.

mwl_fiziolojia

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu ila jibu lake ni moja, kwamba kalsiamu ina kazi mbili tofauti kwenye seli ya moyo, ya nje na ya ndani, na vitabu vingi vinazifundisha kwenye sura mbili tofauti ndo maana mwanafunzi anachanganyikiwa.

Anza na dripu iliyoning'inia hapo wodini kwenu. Ile mnayoiita Ringa, RL, jina limetoka kwa Sydney Ringer, daktari wa London. Miaka ya 1880 alikuwa anachukua moyo wa chura, anaupitishia maji ya chumvi, anaangalia ni chumvi gani inaufanya uendelee kudunda. Mwaka 1882 akachapisha kwamba moyo uliendelea kudunda kwenye maji yake ya chumvi bila yeye kutia kalsiamu. Baadaye akagundua kwamba yale maji hayakuwa yamekenekwa maabara, yalikuwa ya bomba, ya kampuni ya New River, na maji ya bomba ya London yana chokaa, na chokaa ina kalsiamu. Akarudia na maji yaliyokenekwa, moyo ukadhoofika mpaka ukasimama. Akarudisha kalsiamu kidogo, ukaanza tena. Mwaka 1883 akaandika makala nyingine akaeleza wazi kwamba maji aliyotumia mwanzo hayakuwa yale aliyodhani, na mimi kila mwaka nikifundisha hapa nasimama kidogo, kwa sababu mtu angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua.

Sasa kuna jambo lilikuja kuonekana baadaye: moyo wa chura ulionyimwa kalsiamu, ukiupima, umeme bado upo. Umeme unapita, msuli haujikunji. Shika hilo, maana ndo mlango wa kuelewa kila kitu, umeme wa moyo ni amri na kalsiamu ndo mtu anayeipeleka hiyo amri kule kwenye nyuzi zinazovuta.

Tuingie ndani ya seli. Seli ya ventrikali, chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu, ikiwa imepumzika, ndani yake ni hasi kuliko nje kwa kama milivolti 90. Kalsiamu huru nje ni kama milimoli 1.2 kwa lita, ndani ni kama nanomoli 100 tu. Piga hesabu, ni kama ayoni (chembe yenye chaji ya umeme) moja ndani kwa kila elfu kumi na kitu nje. Na kalsiamu imebeba chaji chanya mbili huku ndani ni hasi, kwa hiyo inavutwa na umeme na inasukumwa na wingi wake, vyote viwili kuelekea ndani. Hakuna ayoni nyingine inayongoja mlangoni kwa nguvu hiyo. Seli inatumia nishati kila sekunde kuizuia na kuitoa.

Umeme ukifika kutoka seli jirani, milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inamwagika ndani, na kwa muda wa kama sehemu ya elfu ya sekunde ndani inageuka chanya. Hiyo ndo hatua sifuri. Hatua ya kwanza potasiamu kidogo inatoka, usiihangaikie sana. Hatua ya pili ndo yenye moyo wenyewe: milango ya kalsiamu, ile aina ya L, imefunguka, kalsiamu inaingia polepole huku potasiamu inatoka polepole, zinasawazishana na umeme unabaki juu kama uwanda wa mlimani. Kwenye mshipa wa fahamu tukio zima linaisha ndani ya milisekunde moja au mbili, kwenye moyo linakaa milisekunde 200 mpaka 300. Hatua ya tatu milango ya kalsiamu inafungwa, potasiamu inatoka kwa wingi, seli inarudi chini. Hatua ya nne imepumzika.

Huo uwanda haupo kwa bahati. Kwanza ndo unaoipa kalsiamu muda wa kuingia. Pili, muda wote huo seli haikubali amri nyingine, ndo maana mguu unaweza kukakamaa usiku ukapiga kelele nyumba nzima iamke lakini moyo haukakamai vile, hauwezi, ungekakamaa hata dakika chache ungekuwa mwisho.

Kalsiamu iliyoingia peke yake haitoshi. Kwa binadamu ni kama robo tu ya inayohitajika. Robo hiyo inaenda kugonga mlango mwingine ndani ya seli, risepta ya raianodini, ambao uko kwenye ghala la kalsiamu (sakoplazimiki retikulamu, mnayoikariri), na nafasi kati ya milango hii miwili ni nanomita kumi na kitu, hata nywele ukiipasua mara elfu kadhaa ndo unafika huko. Kalsiamu ikigusa huo mlango, ghala linafunguka, zinatoka robo tatu zilizobaki. Kalsiamu inaita kalsiamu. Mtafiti Alexandre Fabiato miaka ya 70 na 80 alizivua seli za moyo ngozi yao, yaani aliutoa ule utando wa nje, akamwagia kalsiamu kidogo sana moja kwa moja, na ghala likafunguka, hapo ndo watu wengi wakakubali. Na mwaka 1993 watu waliokuwa wanatumia rangi inayong'aa ikikutana na kalsiamu wakaona kila mafungu ya hiyo milango yanavyowaka na kuzima kivyake, cheche ndogo ndogo, na mpigo mmoja wa moyo ni maelfu ya cheche hizo zikiwaka pamoja.

Hapa sasa jibu lako la mguu. Kwenye msuli wa mguu ule mlango wa juu, yaani wa kwenye utando wa nje, na mlango wa ghala vimeshikana. Umeme ukipita, wa juu unajisogeza na kuuvuta wa chini kama kamba inavyovuta kitasa, hauhitaji kalsiamu ipite. Kwenye moyo hakuna kamba. Lazima kalsiamu yenyewe iingie ikagonge. Nje isipokuwepo, hakuna wa kugonga.

Ikishatoka ghalani inashika troponini, protini iliyo kwenye zile nyuzi, halafu nyuzi zenyewe, aktini na mayosini, zinavutana, moyo unajikunja. Halafu lazima iondoke haraka, vinginevyo moyo haujai damu. Kama asilimia 70 inarudishwa ghalani na pampu ya SERCA, na karibu yote iliyobaki inatolewa nje na mlango wa kubadilishana, sodiamu tatu ziingie kalsiamu moja itoke. (Kwenye panya SERCA inarudisha zaidi ya asilimia 90, ndo maana dawa iliyofanya vizuri kwa panya haitoshi kunishawishi.) Ukiogopa au ukikimbia, adrenalini inafanya milango ya juu ipitishe zaidi na inaiondoa breki ya SERCA, ile fosfolambani, kwa hiyo moyo unajikunja kwa nguvu na pia unalegea kwa haraka, watu wanakumbuka la kwanza wanasahau la pili.

Haya, yule baba yako. Potasiamu nje ikiwa 4 na ndani 140, fanya hesabu ya Nernst, ile inayotoa umeme wa seli iliyopumzika kutokana na potasiamu ya nje na ya ndani, unapata kama milivolti hasi 94. Potasiamu ikipanda nje mpaka 8 unapata kama hasi 76. Seli haijapumzika tena, imebaki nusu macho. Na milango ya sodiamu ina makomeo mawili, moja linafunguka umeme ukifika, la pili linajifunga lenyewe mara baada ya hapo na halifunguki tena mpaka seli irudi chini kabisa. Isiporudi chini, milango mingi inabaki imekomewa. Umeme unapita kwa kujikokota, kwenye ECG kile kipande cha QRS, kinachoonyesha umeme ukisambaa kwenye ventrikali, kinatanuka, mwisho kinaungana na T inakuwa wimbi moja pana, na baada ya wimbi hilo ni kusimama.

Kalsiamu uliyoona ikichomwa, mililita kumi za asilimia kumi, ina kama milimoli 2.3 za kalsiamu tu, haiendi kuukunja moyo kwa nguvu za ajabu. Maelezo ya siku nyingi ni kwamba inakaa juu ya uso wa seli kwa nje, kwenye chaji hasi za utando, na kwa kukaa pale milango ya sodiamu inaihisi tofauti ya umeme kati ya nje na ndani kama vile imeongezeka, na kiwango cha kuwashia kinasogea mbali. Ile nafasi kati ya kupumzika na kuwaka inarudi, ingawa potasiamu haijaguswa. Wapo watafiti ambao sa hivi wanalipinga hilo, wanasema kinachosaidia zaidi ni kalsiamu kupita kwenye milango yake na kuubeba umeme pale ambapo ya sodiamu imelala. Mimi naona hoja yao ina uzito. Lakini hata ukichagua lipi, kazi inayofanyika hapo ni ya umeme, sio ya kuvuta, na daktari wako alisema kweli.

sista_wa_dialisisi

Mwalimu shikamoo, nimesoma yote mpaka mwisho na miaka kumi na moja nachoma hiyo dawa ndo leo nimeelewa habari ya kamba na kitasa, Mungu akubariki.

Mdogo wangu mwanaklinika, mi naongezea ya wodini maana hayo ndo nayajua. Kalsiamu inafanya kazi ndani ya dakika chache, kama ulivyoona, lakini inakaa nusu saa mpaka saa moja hivi, basi. Ikipita dakika tano mpaka kumi na ECG haijabadilika inarudiwa. Na usiichanganye kwenye laini moja na sodiamu baikaboneti, zikikutana zinaganda zinakuwa chokaa, nimeiona kwa macho laini nzima imekuwa nyeupe kama maziwa yaliyokatika. Hakikisha mshipa uko sawa kabla hujasukuma maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, na kama mmepewa kalsiamu kloraidi badala ya glukoneti ujue ile ina kalsiamu karibu mara tatu kwa ujazo ule ule na inaunguza zaidi, jina linafanana kidogo na usiku mtu amechoka, soma chupa mara mbili.

Insulini yuniti kumi na glukosi gramu 25 ndo zinazoiingiza potasiamu ndani ya seli, na salbutamo ya kuvuta kwa mashine inasaidia. Sukari mpime kila saa, masaa sita, maana insulini kwa mtu asiye na figo haiondoki haraka, na sukari ikishuka saa tisa usiku mgonjwa amelala wewe utadhani amepumzika. Lakini yote hayo ni kuhamisha tu potasiamu toka sebuleni kwenda chumbani, haijatoka nyumbani. Inatoka kwa dialisisi (kule kusafishwa damu), au kwa mkojo kama bado upo, au choo.

Nasema hivi kwa sababu kuna usiku mmoja sijausahau. Sehemu niliyokuwa zamani, sitaitaja, alikuja mama wa miaka thelathini na tano, tukampa kalsiamu, ECG ikanyooka vizuri, kila mtu akapumua, akarudishwa kitandani na mashine ya ECG ikapelekwa wodi nyingine kwa kuwa ilikuwa moja. Hakuna aliyepiga simu ya dialisisi, kila mmoja alidhani mwenzake amepiga. Saa moja na nusu baadaye nampita nikaona anapumua vibaya, mapigo hayashikiki. Tulimrudisha, alikuwa na bahati, lakini tangu siku ile nikichoma kalsiamu naandika saa kwenye mkono wangu kwa kalamu, na mkono mwingine napiga simu. Kalsiamu inakupa muda tu wa kufanya lile lingine. Ukiona ECG imenyooka ndo ukimbie zaidi.

Na lingine, kuna wagonjwa potasiamu iko juu sana na ECG inaonekana kawaida kabisa, usidanganyike.

bucha_la_kona

Samahanini wakuu mimi sio mtu wa hospitali, nina bucha, ila nimefuatilia hapa kwa sababu kuna kitu nakiona tangu nilipokuwa namsaidia marehemu babu. Mbuzi ukishamchinja na ukawahi kumpasua, moyo wake ukiutoa ukauweka kwenye sinia unaendelea kudunda kidogo, haujaunganishwa na kitu chochote, hakuna ubongo hakuna damu. Babu alikuwa anasema roho bado inaaga. Sasa huo umeme mnaousema unatoka wapi kama kila kitu kimekatwa?

mwl_fiziolojia

Swali zuri sana kaka, na hiyo mioyo unayoiona kwenye sinia ndo imewasumbua wanasayansi karne nyingi. Moyo hauamriwi na ubongo udunde. Ubongo unauambia tu uharakishe au upunguze. Kuna fungu dogo la seli juu upande wa kulia, pale mshipa mkubwa unaorudisha damu ya juu unapoingilia, hizo zinajiwasha zenyewe. Zilipatikana na Arthur Keith na Martin Flack, walichapisha 1907, na aliyeziona kwanza ni Flack kwenye moyo wa fuko, yule mnyama anayechimba chini ya shamba, na wakati huo Flack alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari. Mwanaklinika, ulione hilo.

Seli hizo hazipumziki kama za ventrikali. Zikifika kama hasi 60 kuna milango inafunguka kwa sababu ya kushuka kule kule, wakati milango mingi ya namna hii hufunguka umeme ukipanda, ndo maana walioielezea mwaka 1979, kina DiFrancesco, Brown na Noble, waliupa mkondo wake jina la mkondo wa ajabu. Sodiamu inachuruzika ndani, umeme unapanda polepole wenyewe, ukifika juu kidogo milango ya kalsiamu inafunguka na mpigo unazaliwa. Hapo anayewasha ni kalsiamu na sio sodiamu kama kwenye ventrikali, na ndo sababu verapamili, dawa inayoziba milango ya kalsiamu, inaweza kuupunguza moyo kasi lakini mwenzake amlodipini, ambayo inashika zaidi milango ya mishipa ya damu, haifanyi hivyo sana.

Na ghala la kalsiamu la seli hizo nalo linavuja kwa mpangilio. Kalsiamu inayovuja inatolewa nje na ule mlango wa kubadilishana, sodiamu tatu ndani kalsiamu moja nje, chaji tatu dhidi ya mbili, kwa hiyo kila ikitoka moja seli inapata chaji moja ya ziada na inasogea kwenye kuwaka. Yaani kuna saa mbili zinazokwenda pamoja, ya utando na ya kalsiamu. Kwenye sinia lako zinaendelea mpaka nishati iliyobaki iishe, na baridi nayo inazipunguza.

mwanaklinika_pwani

Mwalimu, sista, sijui niseme nini, asanteni sana. Kwanza yule baba asubuhi yake ndugu walichangishana akasafishwa damu, potasiamu ikarudi 4.9, jana katembea mwenyewe mpaka nje kuota jua.

Swali la nyongeza mwalimu kama hujachoka. Huo mlango wa kubadilishana, sodiamu tatu kalsiamu moja, unategemea sodiamu iwe chache ndani ili iwe na hamu ya kuingia si ndio? Sasa digoksini, ile dawa ya moyo, tunaambiwa inaziba pampu ya sodiamu na potasiamu. Ina maana sodiamu inajaa ndani, mlango wa kubadilishana unakosa nguvu, kalsiamu inabaki ndani, ghala linajaa zaidi, na mpigo unaofuata unakuwa na nguvu. Niko sawa?

mwl_fiziolojia

Uko sawa kabisa na umefika mwenyewe bila slaidi, hongera. Daktari Mwingereza William Withering aliandika habari za digitali, mmea wa jamii inayotoa digoksini, mwaka 1785, baada ya kupata dawa ya kienyeji ya bibi mmoja wa Shropshire aliyekuwa anatibu watu waliovimba, na hakuna mtu aliyejua habari ya pampu ya sodiamu kwa zaidi ya karne moja na nusu baadaye.

Ila ifuate hoja yako mbele kidogo. Ghala likijaa kupita kiasi linamwaga lenyewe bila kuamriwa, katikati ya mpigo na mpigo. Kalsiamu iliyomwagika inatolewa na ule ule mlango wa kubadilishana, na umeshaona kila ikitoka inaingia chaji moja ya ziada, kwa hiyo utando unasukumwa juu na ukifika kiwango unawaka mpigo ambao hakuna aliyeuomba. Hapo kalsiamu ndo imezaa umeme, kinyume na kawaida ambapo umeme ndo unaita kalsiamu. Ndo sumu ya digoksini inavyoanza kwenye moyo. Na ndo inavyotokea pia kwa watoto waliozaliwa na hitilafu kwenye mlango wa ghala, jeni yake ilitambuliwa 2001. Mtoto mzima, ECG akiwa amekaa ni ya kawaida, akikimbia au akiogelea au akishtuka anaanguka. Adrenalini imejaza ghala na mlango haufungi vizuri. Wengi wanaitwa wana kifafa, wengine wanapelekwa kwa waganga. Mwanaklinika, ukikutana na mtoto anayezimia akicheza tu na sio akiwa amekaa, usimpe dawa za kifafa kabla hujampeleka akapimwe moyo akiwa anafanya zoezi.

mtoto_wa_mama_mgonjwa

Dada sista na mwalimu poleni kwa kazi. Mama yangu ana miaka 61, valvu ya moyo iliharibika tangu ujana, anatumia hiyo digoksini na Lasix, dawa ya kukojoza maji. Wiki mbili sasa hali chakula, kichefuchefu, na juzi anasema taa anaziona zina duara la njano. Tukajua ni macho. Je ninunue vidonge vya kalsiamu vimsaidie moyo?

sista_wa_dialisisi

Kaka usinunue chochote, na digoksini ya kesho asubuhi usimpe kabla hajaonwa. Kukosa hamu ya kula, kichefuchefu na kuona njano kwa mtu anayetumia digoksini, hayo matatu pamoja ni dawa imezidi mwilini mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Lasix inatoa potasiamu kwenye mkojo, na potasiamu huwa inagombania nafasi na digoksini kwenye ile pampu, ikipungua digoksini inakaa nafasi yote, kwa hiyo dozi ile ile ya siku zote inakuwa kubwa. Kalsiamu ya damu mwili unajipangia wenyewe kutoka kwenye mifupa, vidonge haviupi moyo nguvu, na kwa mtu wa digoksini ndo kabisa usijaribu mwenyewe. Mpeleke asubuhi na mapema, beba makopo yote ya dawa, sema uliyoyaandika hapa hapa kwa maneno hayo hayo, omba ECG, potasiamu na kipimo cha figo. Akizimia au mapigo yakiwa chini ya hamsini usiku huu usingoje asubuhi.

mtoto_wa_mama_mgonjwa

Tumerudi. Potasiamu ilikuwa 2.9, mapigo 48 na mengine yanaruka, wamemlaza siku nne. Digoksini wameisimamisha, potasiamu wameirudisha polepole kwa dripu na vidonge, Lasix wamepunguza. Jana usiku taa akaziona nyeupe, leo mchana ameomba uji wa ulezi na amemaliza kikombe.